Barabara tulivu za baiskeli katika mabonde ya Lot na Célé: ukingo upi, msimu gani?

Mwanamoshi aliuliza:

Salaam ndugu zangu.

Ninaishi Toulouse, kusini mwa Ufaransa, na tangu nilipoanza kuendesha baiskeli ya barabarani nimekuwa nikienda zaidi kando ya mfereji wa Canal du Midi, ambako kuna njia ya lami ya baiskeli kutoka mjini hadi Port-Lauragais, tambarare mwanzo hadi mwisho. Njia hiyo imenilea vizuri, lakini sasa natamani vilima, kona na mandhari inayobadilika. Dada yangu anayeishi Brussels, ambaye ana pumzi kunishinda, atakuja mwezi Juni, nasi tumekubaliana kuchukua treni hadi Cahors na kutumia siku tatu katika bonde la mto Lot, tukilala vijijini na kubeba mizigo midogo tu.

Milima hainitishi kama magari yanavyonitisha. Nimetazama ramani nikaona barabara ya D662 ikifuata ukingo wa kaskazini wa mto kuelekea Cajarc, na kwenye karatasi inaonekana ndiyo njia hasa ya mwendesha baiskeli: iko chini bondeni, haina miinuko mikali, na mto uko ubavuni. Hata hivyo watu walioipita mwezi wa Agosti wameniambia kwamba hawakupata utulivu waliokuwa wakiutafuta, kwa sababu ya pikipiki na magari yanayokokota vibanda vya kulala. Je, katika bonde hili kuna barabara ambazo mtu anaweza kwenda nusu saa nzima akisikia maji na ndege tu? Kama zipo, ziko ukingo upi, na mtu atazitambuaje kwenye ramani kabla ya kufika? Tena, je, ni lazima nipande hadi juu ya uwanda, au ninaweza kubaki bondeni siku zote tatu?

Natanguliza shukrani.

---

Nyikani alijibu:

Ndugu Mwanamoshi, karibu Quercy, yaani eneo letu hili la Lot. Ninaishi upande wa Figeac na barabara hizi ndizo ninazopita kila juma, kwa hiyo uniwie radhi nikijibu kwa urefu.

Tuanze na sababu, maana ukiielewa sababu utaweza kuzichagua barabara mwenyewe. Mkoa wa Lot una watu wapatao 175,000 katika eneo la kilomita za mraba 5,217, yaani watu kama 33 tu kwa kila kilomita ya mraba. Magari ni machache, lakini hayo machache hukusanyika katika barabara zilezile, kwa kuwa kila dereva hufuata njia inayomfupishia safari. Anayetoka Paris kwenda Toulouse huchukua barabara kuu ya A20, ambayo baiskeli haziruhusiwi kabisa. Anayetoka Cahors kwenda Figeac hupita D653, inayoacha mto pale Vers na kupanda juu ya uwanda. Barabara isiyomfupishia mtu yeyote safari ndiyo hubaki tulivu, na katika eneo letu mfano bora wa barabara ya namna hiyo ni D41 ya bonde la Célé.

Célé ni mto mdogo unaotoka upande wa Cantal, ukapita Figeac, kisha ukajipinda katikati ya magenge ya mawe ya chokaa hadi kuingia mto Lot karibu na Bouziès. Barabara ya D41 huanzia Conduché, mkabala na Bouziès, ikaufuata mto huo hadi karibu na Figeac, umbali wa kilomita 50 hivi. Mto unajipinda sana na barabara nayo inajipinda, hivyo mtu mwenye haraka hana sababu ya kuipita. Wanaoitumia ni wakazi wa vijiji vyake, yaani Cabrerets, Sauliac, Marcilhac, Saint-Sulpice, Brengues na Espagnac, pamoja na watalii wa kiangazi ambao wengi wao huishia Cabrerets kwa sababu ya pango la Pech Merle. Ukishaipita Cabrerets ukielekea juu ya mto, magari hupungua kwa namna utakayoitambua bila kuambiwa, na kuanzia hapo utayapata yale maji na ndege uliyoyauliza.

Sasa kuhusu D662. Kwanza, kutoka Cahors hadi Vers unakuwa juu ya D653, na D662 yenyewe inaanzia Vers. Kwa hiyo kilomita kama 14 za mwanzo ndizo zenye magari mengi kuliko zote, kwa kuwa zinabeba wanaokwenda Figeac pamoja na wanaofuata bonde. Pili, D662 zamani ilikuwa barabara ya taifa, nayo ilijengwa kwa mwendo wa magari. Si barabara mbaya, na mwezi wa Machi au Novemba siku ya kazi naipita bila wasiwasi wowote, lakini mwezi wa Julai siwezi kumshauri mtu aliyezoea njia ya mfereji.

Habari njema ni kwamba mto una kingo mbili. Kuanzia Bouziès kwenda juu, ukingo wa kusini una barabara ndogo inayopita Saint-Cirq-Lapopie, Crégols, Cénevières na Calvignac, kisha unavuka daraja kuingia Cajarc. Barabara hiyo haikubali kukaa chini muda wote. Magenge yanapoingia mtoni, barabara hupanda begani mwa jabali, ikapita juu ya kijiji au ngome, halafu ikashuka tena. Ndiyo maana magari hayaipendi, na ndiyo maana mimi naipenda. Hili ndilo jibu la swali lako la mwisho: unaweza kubaki bondeni, lakini katika bonde hili utulivu hulipiwa kwa miinuko, na atakayekataa kila mwinuko atajikuta pamoja na magari yaliyoikataa miinuko hiyohiyo.

Ningekuwa nanyi ningeutengeneza mzunguko hivi. Siku ya kwanza ondokeni Cahors asubuhi na mapema, kabla watu hawajaanza kwenda kazini, au siku ya Jumapili, ili ile sehemu ya hadi Vers iwe imeisha mapema. Endeleeni hadi Conduché, ingieni D41, mkalale Marcilhac, ambako kuna magofu ya abasia ya zamani kando ya mto. Siku ya pili, acheni mizigo mlikolala, pandeni na Célé hadi Espagnac na kurudi asubuhi, kisha jioni vukeni uwanda kupitia Saint-Chels mpaka Cajarc. Siku ya tatu shukeni na ukingo wa kusini hadi Saint-Cirq-Lapopie na Bouziès, halafu Cahors. Jumla haitazidi sana kilomita 150, lakini miguu itazihesabu kuwa zaidi.

Kuhusu ramani: tafuta ile ya Michelin ya mkoa, ambayo huonyesha barabara kubwa kwa rangi nyekundu, za kati kwa manjano, na ndogo kwa nyeupe. Fuata nyeupe kila inapowezekana, na penye mstari wa kijani kando ya barabara ujue mandhari yake ni ya kupendeza. Mishale midogo juu ya barabara huonyesha mwinuko, na kadiri mishale inavyozidi kuwa mingi ndivyo mpando ulivyo mkali; penye mishale mitatu unavuka asilimia 13, na hapo si aibu kutembea. Tazama pia namba. Barabara nyingi za taifa zilikabidhiwa mikoa kuanzia mwaka 2006, zikapewa herufi D badala ya N, na mara nyingi namba inayoanza na 8 au 9. D820 ni ile N20 ya zamani, D840 ni N140, na D811 na D911 zote mbili zimetokana na N111. Mgeni huona herufi D akadhani ni barabara ya kijijini, kumbe ameingia katika njia ya malori.

---

Bi_Shangani alijibu:

Assalaam alaykum. Ndugu Nyikani ameeleza njia vizuri, nami ningependa kuongeza habari ya saa na siku, kwa sababu barabara moja inaweza kuwa na hali mbili tofauti kabisa ndani ya siku moja.

Ufaransa ya vijijini bado inaheshimu chakula cha mchana. Kuanzia saa sita hadi saa nane mchana maduka hufungwa, wafanyakazi hukaa mezani, na barabara hubaki karibu tupu. Wakati wa majira ya machipuko na mapukutiko mimi hupanga sehemu ninazozihofia ziangukie katika saa hizo. Mwezi wa Julai na Agosti haifai kufanya hivyo kwa sababu ya jua, na hapo inabidi kutegemea alfajiri: saa kumi na mbili na nusu kumeshapambazuka, na mpaka saa nne asubuhi mtu anaweza kuwa amemaliza kazi kubwa ya siku. Jumamosi za kiangazi ziepukeni, kwa kuwa nyumba nyingi za likizo hupangishwa kutoka Jumamosi hadi Jumamosi, na siku hiyo wanaoondoka hupishana na wanaoingia. Cahors ina soko asubuhi ya Jumatano na Jumamosi, na Figeac Jumamosi. Soko ni zuri kwa mwenye njaa, lakini magari ya wakulima na wateja hujaa katika barabara zinazoingia mjini. Mwezi Mei una sikukuu za tarehe 1 na 8, na mara nyingi ya Kupaa huangukia mwezi huohuo, na watu huziunganisha na mwisho wa juma. Juni mliyochagua ninyi, siku za kazi, naona ni chaguo la busara.

Jambo jingine ni sheria, kwa sababu mtu anayejua haki yake huendesha kwa utulivu zaidi. Nje ya miji gari linalompita mwendesha baiskeli linatakiwa kuacha nafasi ya mita 1.5, na ndani ya miji mita 1. Tangu mwaka 2015 dereva anaruhusiwa kuuvuka mstari mweupe usiokatika ili kukupita, mradi anaona mbele vizuri. Kwa hiyo msijibanze kwenye majani ya kando kwa kumhurumia dereva. Kaeni mahali mnapoonekana, mita moja hivi kutoka ukingo wa lami, na hasa kwenye kona za kulia zenye jabali, ambako anayetoka nyuma hakuoni mpaka akufikie. Mnaruhusiwa kwenda wawili sambamba, lakini gari likitaka kupita mnapaswa kupangana mmoja nyuma ya mwingine, na usiku ni hivyo daima.

Na tafadhali, Mwanamoshi, zingatia sana kipaumbele cha kulia. Katika vijiji vingi, pasipo alama yoyote, gari linalotoka kwenye kichochoro cha upande wako wa kulia lina haki ya kupita kwanza, hata kama wewe uko kwenye barabara inayoonekana kuwa kubwa. Mzee wa kijiji anayetoka kichochoro hicho na gari dogo jeupe hatasimama kukutazama, wala sheria haimtaki asimame.

---

Mwanamoshi aliongeza:

Nawashukuru sana nyote wawili, na dada yangu ameyasoma majibu yenu kwa furaha kuliko nilivyotarajia. Yeye ndiye anayeutaka huo mwinuko wa Saint-Chels. Naomba kuuliza mambo mawili zaidi. La kwanza ni maji: kwenye ramani sioni kijito hata kimoja juu ya uwanda kati ya Célé na Lot. La pili ni baiskeli zenyewe. Matairi yangu ni ya milimita 28, na gia nyepesi niliyo nayo ni meno 34 mbele na 28 nyuma, ambayo kwenye mfereji sijawahi kuihitaji. Je, yatatosha?

---

Nyikani alijibu:

Umeisoma ramani vizuri. Hakuna kijito kwa sababu uwanda huo, ambao wenyeji huuita causse, ni wa mawe ya chokaa yaliyotobokatoboka. Mvua ikinyesha haitiririki. Huzama katika nyufa, ikasafiri gizani chini ya ardhi, na kutokea tena chini kabisa, kwenye chemchemi za kando ya mito. Mapango kama Pech Merle ni kazi ya maji hayohayo ya zama za kale. Matokeo yake ni kwamba bondeni mna mashamba ya kijani na miti mirefu, ilhali mita mia mbili juu yako kuna mialoni mifupi, vichaka vya mireteni, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na kondoo. Ardhi yote hii ya Causses du Quercy ni hifadhi ya asili ya kanda tangu mwaka 1999, na mwaka 2017 iliingizwa na UNESCO katika jiopaki za dunia. Ni nchi nzuri mno, nami siwezi kuificha furaha yangu kila ninapofika juu, lakini haimnyweshi mtu.

Kwa hiyo jazeni chupa zote mbili kabla ya kupanda, hata kama hamsikii kiu. Mahali pa uhakika zaidi pa kupata maji katika kijiji cha Ufaransa ni makaburini, ambako huwa kuna bomba kwa ajili ya kumwagilia maua. Soma kibao kwanza: kikisema «eau non potable» usinywe. Pia mtu anayelima bustani yake hatakunyima maji ukimsalimu vizuri na kumwomba kwa adabu, na mara nyingi atakuletea ya baridi kutoka ndani. Msitegemee duka. Vijiji vingi vya juu havina hata duka la mikate, na vile vilivyo nalo hulifunga siku moja au mbili kwa juma, kwa hiyo nunueni chakula cha mchana asubuhi, mnapokuwa mjini.

Kuhusu urefu wa miinuko, usiwe na hofu. Hii si milima ya Pyrénées. Mto pale Bouziès uko chini ya mita 150 kutoka usawa wa bahari, na uwanda uko kati ya mita 300 na 400 hivi. Mpando mmoja utakuwa na kilomita tatu au nne, wastani wa asilimia 5 au 6, ukiwa na vipande vifupi vikali zaidi. Kinachochosha ni kurudiarudia, kwa kuwa ukishuka upande huu hujapumzika vya kutosha kabla mpando mwingine haujaanza. Mtu aliyezoea tambarare hukosea kwa kuushambulia mpando wa kwanza. Panda kwa mwendo ambao ungeweza kuzungumza na dada yako.

Na kama mtabadilisha tarehe mje mwezi wa Oktoba, mtapendezwa zaidi, isipokuwa mjue kwamba asubuhi ukungu hulala bondeni mpaka saa nne au saa tano, huku juu jua likiwaka. Siku za namna hiyo mimi huanza na uwanda na kuuacha mto kwa ajili ya mchana. Ni kipindi cha uwindaji pia, kwa hiyo mkiona vibao vya «chasse en cours» kando ya msitu, vaeni nguo za rangi kali na msiingie kwenye vijia vya porini.

---

Fundi_Spoki alijibu:

Nitajibu habari ya baiskeli, ambayo ndiyo ninayoijua.

Matairi ya milimita 28 yanatosha kwa barabara zote zilizotajwa hapa, mradi usiyajaze upepo kama jiwe. Lami ya barabara nyeupe ni ya kukwaruza. Mikoa ya Ufaransa huzitengeneza barabara zake ndogo kwa kumwaga lami ya maji na kutandaza kokoto juu yake, halafu magari yenyewe ndiyo huzishindilia. Kazi hiyo hufanywa miezi ya joto, na kwa siku kadhaa barabara hubaki na kokoto zinazoteleza. Ukiona kibao kimeandikwa «gravillons», punguza mwendo kabla ya kona, wala usifunge breki ya mbele ukiwa umelalia upande. Upepo wa kutosha kushika barabara na kutopasuka kwenye mashimo ndio unaoutaka, na ukiwa na mizigo nyuma ongeza kidogo kwenye gurudumu la nyuma peke yake.

Gia ni jambo zito zaidi. Kwa meno 34 mbele na 28 nyuma, ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika utakuwa unakwenda kilomita 9 kwa saa. Kwenye asilimia 9, ukiwa na mizigo na ukiwa hujazoea, huwezi kuushikilia mwendo huo kwa dakika ishirini. Utaanza kukanyaga polepole kwa nguvu, na magoti yatakulipisha jioni. Mwombe fundi akuwekee seti ya nyuma yenye meno 34. Hapo kila mzunguko wa pedali ni mzunguko mmoja wa gurudumu, na mwendo uleule wa miguu utakupeleka kilomita 7.6 kwa saa, ambazo ni za kutosha kabisa. Muulize kwanza kama mkono wa kubadilishia gia za nyuma unafikia meno hayo, kwa kuwa mifupi haifiki, na mnyororo nao huenda ukahitaji kurefushwa.

Kagua mipira ya breki kabla ya kupanda treni. Wapandaji wapya hufikiria miinuko wakasahau mteremko, na miteremko ya kutoka causse kuingia bondeni ni myembamba, ina kona za kificho, na chini yake mara nyingi kuna kijiji chenye kile kipaumbele cha kulia alichokieleza Bi Shangani. Funga breki zote mbili kwa nguvu kabla ya kona, uziachie unapoingia, wala usizishikilie mfululizo kilomita nzima. Beba tyubu mbili, pampu, viraka na funguo za mnyororo. Mafundi wako Cahors na Figeac. Katikati usitegemee kumpata, na ndani ya bonde la Célé mtandao wa simu hukatika mara kwa mara. Mkipata dharura ya mwili namba ni 112.

---

Bi_Shangani alijibu:

Naomba niseme neno kuhusu Saint-Cirq-Lapopie, kwa sababu naona mmeiweka siku ya mwisho na sina uhakika kama ndugu Mwanamoshi anajua kinachomngoja pale. Kijiji hicho kimekaa juu ya genge, kama mita mia moja juu ya mto, na mwaka 2012 kilichaguliwa kuwa kijiji kinachopendwa zaidi na Wafaransa. Kwa uzuri kinastahili, lakini katika siku za kiangazi ndicho mahali penye watu na magari mengi kuliko pote katika mzunguko wenu. Ningewashauri mlale karibu yake siku ya pili badala ya Cajarc, kama miguu inakubali, mkipande jioni baada ya mabasi kuondoka au alfajiri kabla hayajafika. Vichochoro vyake ni vya mawe na vinateremka vikali. Baiskeli huongozwa kwa mkono.

Kati ya Saint-Cirq na Bouziès kuna pia ile njia ya kale iliyochongwa katika jabali katika karne ya 19, ambayo watu waliitumia kukokotea mashua za mto. Ni ya waenda kwa miguu, na ni nyembamba kiasi cha mtu kugusa jabali kwa bega moja huku mto uko chini ya bega la pili. Acheni baiskeli Bouziès mtembee. Msijaribu kuipita na magurudumu.

Na kwa Pech Merle, kama mnataka kuwaona farasi wale wenye madoadoa waliochorwa zaidi ya miaka 25,000 iliyopita, nunueni tiketi mapema, kwa kuwa pango hupokea watu 700 tu kwa siku ili hewa ya ndani isiharibu michoro. Mlango wake uko juu ya Cabrerets, baada ya mpando mfupi unaotoa jasho, na ndani kuna baridi ya nyuzi 12 hivi. Vaeni kitu kikavu kabla ya kuingia.

---

Nyikani alijibu:

Nakubaliana na Bi Shangani kuhusu Saint-Cirq. Kutoka Cajarc hadi huko kwa ukingo wa kusini ni kilomita 25 hivi, na mkivuka Saint-Chels mapema badala ya jioni mtaziweza, lakini hapo ziara ya Espagnac itabidi muiache. Ningekuwa wewe ningeiacha Saint-Cirq nikabaki na Espagnac, ambako kuna mnara wa kengele wa mbao kando ya mto na huenda msikutane na mtu mwingine isipokuwa wasafiri wa miguu wa njia ya mahujaji ya Compostela. Hilo ni suala la moyo wa kila mtu, na dada yako ndiye aamue.

Kwa wanaosoma haya ambao hawana muda wa kupanda juu ya mto, upande wa chini ya Cahors pia una njia yake. Ni ile inayoitwa V86, iliyowekewa alama za baiskeli kati ya Aiguillon na Cahors, kilomita 160 hivi, na sehemu kubwa hupita barabara ndogo zilizo mbali na D811. Huko bonde ni pana zaidi, kuna mashamba ya mizabibu, na mto unajikunja pale Luzech mpaka karibu unakutana na nafsi yake. Vilima vipo, kwa mfano Bélaye, lakini unaweza kuvikwepa. Kwa mtu anayesafiri na watoto ningeanza na upande huo. Watoto wa chini ya miaka 12 ni lazima wavae kofia ngumu kwa sheria ya mwaka 2017.

---

Mwanamoshi aliongeza:

Tumeamua. Tutaondoka Toulouse Jumapili kwa treni ya kwanza yenye nafasi ya baiskeli, tukipite kile kipande cha hadi Vers siku hiyohiyo, tulale Marcilhac, na Jumatatu tukae na Célé tu, hadi Espagnac na kurudi, bila kubeba kitu. Jumanne tutavuka Saint-Chels alfajiri na kushuka Lot kwa ukingo wa kusini. Saint-Cirq tutaipita ikiwa jioni, na tutalala Bouziès, ili Jumatano turudi Cahors baada ya soko kumalizika. Siku tatu zimekuwa nne, na dada yangu amekwisha kuomba ruhusa kazini. Seti ya meno 34 nimeiagiza leo.